Jalada Namba Arobaini na Moja

Taarifa inatakiwa Ijumaa, kabla ya saa nane,
nami nimeandika kichwa tu: "Hatua Iliyofikiwa."
Kalamu imetua pale kama nzi juu ya mfupa.

Basi niandike yaliyo kweli.
Mwaka niliohamishiwa Mwanza kutoka Maswa
nilikuta kabati moja, mlango umefungwa kwa waya,
ndani vibali vinne, viwili vimeliwa na mchwa.
Viwanda vilikuwa arobaini na kimoja.
Kila bomba liliijua njia ya ziwani
bila kumuuliza mtu.

Leo vibali ni thelathini na vitatu.
Vina mhuri, vina tarehe ya kufa,
vina vipimo: joto, chumvi, mafuta, oksijeni.
Wenye minofu ya sangara kule Igogo wamechimba bwawa;
damu ya samaki hulala humo siku tatu
kabla ya kuruhusiwa kutoka.
Mwenye sabuni alilia gharama, akalia tena,
kisha akanunua mtambo.
Na pale palipokuwa na povu nimewaona furu,
wadogo kama kucha za mtoto.
Andika hilo, Nyanzobe. Ni dogo, lakini andika.

Saba wako njiani.
Wa nane ni kiwanda cha ngozi.
Jalada lake ni zito kuliko yote, na kibali hakimo:
barua kumi na saba za kuomba muda,
miezi mitatu, na miezi mitatu mingine, kwa heshima na taadhima.
Ukienda mchana, bomba limekauka
kama koo la mwenye saumu,
na meneja anakukaribisha soda baridi.
Ngoja mvua. Ngoja radi ipasue anga la Bugando,
ndipo bomba linapotapika
lilichokimeza wiki nzima.

Nani aliniambia? Si mashine.
Ni Ng'walu Bugumba, muosha mabondo,
aliyepanga chumba chini ya ukuta wao.
Alikuja ofisini na beseni kichwani:
chupa ishirini na sita za soda, zimezibwa kwa nta,
kila moja na tarehe ya mkaa kwenye kipande cha mfuko wa unga.
Akazipanga mezani kwangu, zilipojaa akashuka sakafuni,
maji ya rangi ya chai, maji ya kutu,
na moja, ya usiku wa tarehe nne,
ya kijani nisichowahi kukiona kwenye jani lolote.
"Hili ndilo jalada langu," akasema.
"Mhuri wake unagongwa wapi?"

Maabara walikataa. Magafu alieleza kwa upole:
sampuli bila barafu, bila sahihi ya mkaguzi,
mbele ya hakimu ni maji tu.
Ni kweli. Mimi mwenyewe nilimfundisha hivyo.
Ng'walu hakubishana.
Aliuliza, "Barafu mnanunua bei gani?"

Swali hilo nimelala nalo siku tisa.

Sasa nimefika "Hatua Zinazofuata."
Mkuu hupenda "kuimarisha," hupenda "kuhamasisha."
Nimeyafuta.
Nimeandika: gari litiwe mafuta ya usiku, si ya semina.
Nimeandika: kiwanda cha ngozi kisipate kibali
mpaka bomba lake litokeze nje ya ukuta,
mdomo wazi, kando ya njia ya watu,
ili yeyote mwenye chupa aweze kukinga.
Nimeandika: ndoo moja ya barafu, daftari la sahihi,
mafunzo ya siku mbili kwa muosha mabondo mmoja.
Mstari huo wa mwisho utakatwa kwa wino mwekundu.
Robo ijayo nitauandika tena.

Kumeanza kunguruma upande wa Ukerewe.
Ile chupa ya kijani iko dirishani,
imekandamiza karatasi zisipeperuke.
Ijumaa ni kesho kutwa; mvua ni leo.
Nimempigia dereva. Nimempigia Magafu.
Natafuta buti la pili.